Vipimo vya Pingili za Kiuno

Mtu akisimama katika bandari ya Kigoma, au pale Kibirizi ambapo mashua hufika na magunia ya dagaa, ataona wachukuzi wakipita mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na mzigo wake begani. Mzigo hukaa begani, lakini uzito wake hauishi pale. Hushuka kwa njia ya mifupa ya mgongo mpaka kiunoni, na kutoka kiunoni hugawanyika kuingia katika nyonga mbili na miguu miwili. Basi kiuno ni njia panda ya uzito wote wa mwili, na kwa sababu hiyo wachukuzi, na wakulima, na akina mama wabebao maji na kuni, husema mara nyingi, "Kiuno chaniuma." Katika somo hili tutasoma jinsi mifupa ya kiuno inavyopimwa kwa picha za eksirei katika mtu aliye hai, na kwa sababu gani daktari hawezi kusema kwamba mfupa fulani ni mgonjwa mpaka ajue kwanza mfupa mzima una kipimo gani.

Mwambie mwenzako ainame, kisha pitisha kidole chako katikati ya mgongo wake. Utagusa vinundu vilivyopangwa kama shanga katika uzi. Vinundu hivyo ni ncha za nyuma za mifupa iitwayo pingili, nazo huitwa miiba. Pingili kwa kawaida ni 33: za shingo ni 7, za kifua zinazoshika mbavu ni 12, za kiuno ni 5, halafu ziko 5 zilizoshikamana zikawa mfupa mmoja wa pembe tatu ulio katikati ya nyonga, na za mwisho kabisa, ndogo sana, ni 4, nazo huitwa kifandugu. Za kiuno ndizo kubwa kuliko zote, na hesabu yake huanza juu: ya kwanza iko chini ya mbavu za mwisho, na ya tano imekalia ule mfupa wa pembe tatu.

Kama umepata kuona mbuzi akichinjwa na mgongo wake ukikatwa, umekwisha kuona umbo la pingili, maana la mtu halitofautiani nalo sana. Upande wa mbele pana kigogo kifupi cha mfupa, kama ngoma ndogo. Hicho ndicho kiwiliwili cha pingili, nacho ndicho kichukuacho uzito. Kutoka nyuma ya kiwiliwili vimeota vikonyo viwili vinene, kimoja kulia na kimoja kushoto. Vikonyo hivyo hushika tao la mfupa lililo nyuma, na katikati ya kiwiliwili, vikonyo na tao pana tundu. Pingili zikipangwa moja juu ya nyingine, matundu hayo hufanya mfereji mmoja mrefu kutoka kichwani mpaka chini. Ndani ya mfereji umepita ugwe wa mgongo, yaani kamba laini itokayo katika ubongo na kupeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Lakini ugwe haufiki mwisho wa mfereji. Katika mtu mzima hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini ya hapo zimening'inia neva nyingi tu, kama nywele za mkia wa farasi; na ndivyo madaktari walivyoziita, mkia wa farasi.

Kati ya pingili na pingili pana takia la gegedu gumu lenye kiini kilicho laini. Takia hilo hunywea kidogo mchana kwa kubanwa na uzito, na usiku mtu alalapo hurudi kufura. Pimeni urefu wenu asubuhi mara mnapoamka, halafu pimeni tena jioni. Mtu mzima aweza kupungua kiasi cha sentimeta moja au zaidi kwa siku moja tu. Tangu hapa twapata kujifunza ya kwamba kipimo cha mwili si kama kipimo cha jiwe. Mwenye kupima si budi aseme amepima lini na kwa namna gani.

Watu wa Kigoma wana jirani ambaye kiuno chake chafaa kulinganishwa na chetu. Huyo ni sokwe wa Gombe, msitu ulio kando ya ziwa kaskazini ya mji, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Sokwe wengi wa Gombe walipewa majina, na habari za maisha yao zikaandikwa mwaka baada ya mwaka. Nao walipokufa, mifupa ya baadhi yao ilihifadhiwa ikapimwa. Mmoja wao ni mama mzee aliyeitwa Flo, aliyekufa mwaka 1972. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa, maana kwa kawaida mpimaji hupewa mfupa asijue ulikuwa wa nani, bali huko wapimaji walijua ni mfupa wa nani, alizaa mara ngapi, na aliugua nini. Sokwe kwa kawaida ana pingili 4 za kiuno, na wengine wana 3 tu, nazo zimebanwa katikati ya mifupa mirefu ya nyonga, hata kiuno chake hakipindiki sana. Mtu ana 5, na kiuno chake kimejipinda kuelekea mbele. Tena viwiliwili vya pingili zake huzidi kupanuka kadiri vishukavyo, kwa kuwa yeye husimama wima na uzito wote humshukia chini.

Zamani mifupa ya watu haikuweza kupimwa vema ila baada ya kufa. Mfano mmoja wajulikana sana, na mwenye habari hii aliishi Ujiji. Mwaka 1844, kusini mwa Afrika, mahali paitwapo Mabotsa, David Livingstone alikamatwa na simba, mfupa wa mkono wake wa kushoto ukavunjika juu ya kiwiko, wala haukuunga sawasawa. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Ujiji. Mwaka 1873 Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, na Susi na Chuma pamoja na wenzao wakauchukua mwili wake mpaka pwani. Mwili ulipofika London mwaka 1874, Sir William Fergusson aliutazama mkono ule, akauona mfupa uliovunjika zamani, akathibitisha kwamba maiti ni ya Livingstone hasa. Mfupa ulikuwa umetunza habari yake kwa miaka 30. Walakini katika miaka yote hiyo Livingstone alipokuwa hai hapakuwa na mtu aliyeweza kuutazama mfupa huo bila kukata nyama.

Njia ya kuutazama ilipatikana miaka 21 baadaye. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu wa fizikia Wilhelm Röntgen alikuwa akijaribu umeme ndani ya chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Chumba kilikuwa na giza, na chupa imefunikwa kwa karatasi nyeusi. Hata hivyo akaona kipande cha ubao kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kinang'aa. Akajua kwamba kuna mionzi isiyoonekana inayopenya ile karatasi. Kwa kuwa hakujua asili yake aliiita kwa herufi ya X, kama sisi tuandikavyo herufi katika hesabu mahali pa namba tusiyoijua. Mwezi wa Desemba mwaka ule alipiga picha ya mkono wa mkewe, ikaonekana mifupa ya vidole na pete. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye alikuwa wa kwanza kuipata.

Mionzi hiyo hupenya nyama kwa urahisi, lakini mfupa, kwa sababu ya chokaa iliyomo, huizuia sehemu kubwa. Basi picha ya eksirei si picha kama ile ya kamera, ni kivuli. Neno hili msilisahau, maana shida yote ya kupima hutoka hapo.

Jaribuni usiku nyumbani. Wekeni taa ndogo mezani, mbali na ukuta kwa sentimeta 100. Chukueni kijiti cha urefu wa sentimeta 10, mkishike kati ya taa na ukuta, sentimeta 15 kutoka ukutani. Pimeni kivuli chake. Hakitakuwa sentimeta 10, bali karibu 11.8. Sogezeni kijiti karibu na taa, na kivuli kitakuwa kikubwa zaidi. Kisogezeni mpaka kiguse ukuta, nacho kitalingana na kijiti. Hesabu yake ni hii: gawanyeni umbali kutoka taa mpaka ukuta kwa umbali kutoka taa mpaka kijiti. 100 kugawanya kwa 85 ni karibu 1.18, maana yake kila kitu kimekuzwa kiasi hicho.

Mgonjwa alalapo chali juu ya meza ya eksirei, mionzi hutoka katika chupa iliyo juu yake, hupita mwilini, ikapiga bamba lililo chini ya meza. Pingili za kiuno hazigusi bamba. Chini yake pana nyama ya mgongo, na ubao wa meza, na nafasi kidogo. Akilala ubavu, pingili huwa mbali zaidi, kwa kuwa nusu ya upana wa mwili iko kati yake na bamba. Na mtu mnene huwa mbali kuliko mwembamba. Tuseme mfereji wa mtu una milimita 11 toka mbele kwenda nyuma. Kivuli chake, kikikuzwa kama kile kijiti, kitaonekana milimita 13. Daktari asiyefanya hesabu atasema, "Mfereji huu ni mpana wa kutosha," kumbe ni mwembamba, na mtu yule atarudi nyumbani na maumivu yake.

Na milimita mbili hizo si jambo dogo. Katika mwaka 1954 Henk Verbiest, daktari wa mji wa Utrecht katika Uholanzi, aliandika habari za wagonjwa ambao wakitembea mwendo mfupi tu miguu yao huuma na kufa ganzi, nao wakikaa au kuinama hupata nafuu. Alipowapasua aliona kwamba mfereji wa kiuno ni mwembamba, na neva zimesongwa ndani yake. Baadaye alitoa vipimo: mfereji ulio chini ya milimita 10 toka mbele kwenda nyuma ni mwembamba kabisa, kati ya 10 na 12 ni wa kuangaliwa, kwa kuwa takia likivimba kidogo tu huweza kuzisonga neva. Yeye alipima mfereji wenyewe wakati wa kupasua, hakupima kivuli. Kwa hiyo mtu akichukua namba za Verbiest na kuzilinganisha na kivuli kisichosahihishwa, anachanganya mizani mbili.

Sasa tutazame jinsi kazi ifanywavyo. Picha hupigwa mbili, ya mbele na ya ubavu, maana picha moja haiwezi kuonyesha upana na kina pamoja.

Katika picha ya mbele kila pingili huonekana kama uso wa bundi. Vikonyo viwili, kwa kuwa vimeelekea kwenye bamba, huonekana kama macho mawili ya mviringo, na mwiba wa nyuma ni kama mdomo wake. Mpimaji huweka rula kati ya macho hayo, kutoka ukingo wa ndani wa jicho moja mpaka ukingo wa ndani wa jicho la pili. Hapo amepata upana wa mfereji. Kisha hupima upana wa kiwiliwili. Katika watu wazima wengi upana wa mfereji ni kati ya milimita 20 na 30 hivi. Nao huongezeka kadiri unavyoshuka, hata pingili ya tano kwa kawaida ndiyo yenye macho yaliyo mbali kuliko zote. Mwaka 1934 Elsberg na Dyke wa New York walionyesha kwamba uvimbe ukikua ndani ya mfereji husukuma vikonyo, macho yakaachana kupita kiasi. Lakini ilikuwa lazima kwanza wapime watu wazima wa afya wapate kujua kiasi ni kipi. Tena ikiwa jicho moja halionekani kabisa, daktari hushtuka, maana huenda ugonjwa kama saratani umekula kikonyo. Bundi mwenye jicho moja si ndege mwema katika hospitali.

Katika picha ya ubavu hupimwa kimo cha kiwiliwili, mbele na nyuma. Urefu wake kutoka mbele kwenda nyuma. Nafasi ya takia. Na kina cha mfereji. Hiki cha mwisho ni kigumu, kwa kuwa ukingo wa nyuma wa mfereji hauonekani wazi, na wapimaji wawili wenye kutazama picha moja huweza kutofautiana. Kwa hiyo desturi njema ni kupima mara mbili, au kupimwa na watu wawili wasioonana, kisha kulinganisha. Pingili ya tano ina tabia yake: mbele ni ndefu kuliko nyuma, imekatwa kama kabari, na ndivyo ilivyo katika mtu mwenye afya. Asiyelijua jambo hili ataiona kabari akadhani mfupa umebonyea.

Ipo njia mbili za kuondoa kosa la kivuli. Ya kwanza ni kuweka kando ya mgonjwa, kwa kimo kile kile cha mfupa, tufe la chuma ambalo ukubwa wake wajulikana. Tufe la milimita 25 likionekana 30 katika picha, basi kila kitu kilicho kimo hicho kimekuzwa mara 1.2, nawe utagawanya. Hata siku hizi ambapo picha nyingi huonekana katika kompyuta na kompyuta yenyewe hutoa milimita, kompyuta haijui mfupa ulikuwa mbali kiasi gani na bamba, ila iambiwe.

Njia ya pili yanipendeza zaidi, kwa kuwa haihitaji chombo chochote ila akili. Jones na Thomson waliieleza mwaka 1968. Walisema, usiuulize mfereji una milimita ngapi. Uulize mfereji ni sehemu gani ya kiwiliwili cha pingili ile ile. Zidisha upana wa mfereji kwa kina chake. Zidisha upana wa kiwiliwili kwa urefu wake toka mbele kwenda nyuma. Kisha gawanya. Tuchukue mfano: mfereji ni 25 kwa 17, jawabu 425, kiwiliwili ni 48 kwa 35, jawabu 1,680. Gawanya 1,680 kwa 425, utapata karibu 4, yaani kiwiliwili ni mara 4 ya mfereji. Wao waliona kwamba ikipita mara 4.5 mfereji ni mwembamba. Kama kivuli kimekuzwa, kimekuza vyote viwili, na jawabu halibadiliki. (Si sawa kabisa, kwa kuwa kiwiliwili na mfereji haviko umbali mmoja na bamba, lakini kosa linalobaki ni dogo.)

Hata hapa lipo swali lililobaki, nalo ndilo zito kuliko yote: kipimo cha kawaida ni kipi?

Zamani za misafara, nguo katika soko la Ujiji zilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mwuzaji mwenye mkono mfupi alipata faida, na mnunuzi mwenye mkono mrefu alilalamika kila mara. Kipimo chake hakikuwa uongo. Kilikuwa mkono kweli, lakini mkono wa nani? Ndivyo ilivyo na vipimo vya mifupa. Vitabu vingi vya udaktari vilitungwa Ulaya na Marekani, na namba zilizomo zilipatikana kwa kupima watu wa huko. Daktari wa Kigoma akizitumia bila kufikiri, apima nguo ya Ujiji kwa mkono wa mtu aliye mbali.

Basi ilifaa watu wa Afrika wapimwe nao. Katika mwaka 1955 David Allbrook, aliyefundisha elimu ya viungo vya mwili katika Makerere, Kampala, alitangaza uchunguzi wake juu ya pingili za watu wa Afrika Mashariki. Na mwaka 1957 akatoa mwingine juu ya mwendo wa uti wa kiuno. Afrika Kusini, mwaka 1977, Stephen Eisenstein alitoa vipimo vya mifupa ya watu zaidi ya 400, Wazulu, Wasotho na watu wa asili ya Ulaya, pingili za kiuno zaidi ya 2,000 kwa jumla. Na mwaka 1982 Amonoo-Kuofi alitangaza vipimo vya upana kati ya vikonyo katika Wanaijeria wazima wenye afya. Mtasema, "Je, mifupa ya watu hutofautiana sana basi?" La, si sana. Hutofautiana zaidi kati ya mtu na mtu kuliko kati ya kabila na kabila. Mtu mrefu hupita mfupi, na wanaume kwa wastani huwa na viwiliwili vikubwa kuliko wanawake. Lakini pale ambapo milimita mbili humtenga mzima na mgonjwa, hata tofauti ndogo yapasa ijulikane.

Tena msidhani kwamba kawaida ni namba moja. Tuseme wachukuzi watano wamepimwa upana wa mfereji katika pingili ya tatu, ikawa 22, 24, 25, 26 na 28. Jumla ni 125, na wastani ni 25. Je, mwenye 22 ni mgonjwa kwa kuwa hakufika 25? Hata kidogo. Anachukua gunia kama wenzake. Kwa hiyo wapimaji hupima watu wengi, kisha hutafuta mipaka miwili ambayo katika kila watu 100 wenye afya 95 huwa ndani yake. Mipaka hiyo ndiyo kawaida. Nao 5 walio nje ya mipaka pia ni wenye afya, na kwa sababu yao daktari mwenye busara hampasui mtu kwa ajili ya namba peke yake. Humwuliza kwanza maumivu yako wapi, waweza kutembea kadiri gani, miguu ina nguvu?

Watu wa kupimwa hupatikanaje? Hapo pana mlango mwembamba. Mionzi ya eksirei ikizidi hudhuru mwili, na wengi wa wale walioitumia kwanza, wasijue hatari yake, waliungua mikono na baadhi yao wakafa. Hivyo si halali kumpiga mtu mzima picha kwa kutaka kujua tu, na mwanamke mwenye mimba huangaliwa kuliko wote. Katika Tanzania vyombo vya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Wapimaji basi hutafuta picha zilizokwisha kupigwa kwa sababu nyingine, kama mtu aliyeanguka kutoka katika pikipiki au mnazi, naye akaonekana hana jeraha la mfupa. Picha zenye mgongo uliopinda huondolewa, na zenye dalili ya ugonjwa, na za vijana ambao mifupa yao haijakoma kukua, maana pingili huendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25. Kisha pingili huhesabiwa kwa uangalifu, kwa kuwa watu wachache wana 4 za kiuno badala ya 5, na wengine wana 6. Aliyekosa kuhesabu amepima ya nne akaiandika ya tano, na namba zake zote zimehama nyumba.

Faida ya kazi hii yaonekana hospitalini kila siku. Mtu ashikwapo na homa ya uti wa mgongo, daktari huingiza sindano kiunoni apate kutoa maji kidogo ya kupima. Hushika ncha za juu za nyonga mbili, maana mstari unaoziunganisha hupita karibu na pingili ya nne, nayo iko chini ya mahali ugwe unapokoma. Akina mama wengi wanaopasuliwa ili mtoto atoke hutiwa dawa ya ganzi kwa njia hiyo hiyo. Kidole cha daktari chajua mahali pa kwenda kwa sababu mifupa ya watu wengi ilikwisha kupimwa.

Au chukueni kifua kikuu. Ugonjwa huo hausimami mapafuni siku zote. Mara nyingine huingia katika pingili. Kwanza nafasi ya takia hupungua, kisha ukingo wa kiwiliwili huliwa, na mwisho mfupa hubonyea upande wa mbele, mtu akawa na kibyongo, na pengine miguu ikapooza. Ukigunduliwa mapema dawa hutosha mara nyingi. Lakini mwanzo wake ni milimita chache tu zilizopungua kati ya pingili mbili, na jicho halitaziona isipokuwa lajua hapo palipaswa kuwa na ngapi. Mpimaji hulinganisha nafasi hiyo na ile iliyo juu yake na iliyo chini yake katika mtu yule yule, kwa kuwa pingili jirani ni shahidi asiyesema uongo.

Siku hizi ziko mashine kubwa zaidi, za CT na za MRI, ambazo huonyesha mfereji wazi, na MRI huonyesha hata takia na neva zenyewe, ambazo eksirei haiwezi kuzionyesha. Lakini kwa mtu wa kijijini kando ya ziwa aliyeletwa na mashua, picha ya kawaida ya eksirei ndiyo huanza. Kwa picha hiyo daktari huamua kama mgonjwa atapewa dawa arudi kwao, au atabaki Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, au atasafiri zaidi ya kilometa 1,200 mpaka Dar es Salaam, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Safari hiyo hula fedha za ukoo mzima. Kuuza ng'ombe au shamba la michikichi kwa ajili ya kivuli kilichopimwa vibaya ni hasara isiyorudi; na kubaki nyumbani mpaka miguu ipooze, kwa kuwa kivuli kilionekana kipana, ni hasara kubwa zaidi.

Mabaharia wetu hushusha bildi majini wapate kujua kina wasichokiona, na kwa vyombo vya namna hiyo watu wamejua kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi mahali palipo pa kina kirefu kuliko pote. Hakuna aliyefika chini akasimama. Kamba ya bildi ikivutwa na mkondo hulala upande, na baharia asiyelikumbuka jambo hilo huandika kina kikubwa kuliko kilicho kweli. Naye mpima mifupa ana mkondo wake, ndio ule umbali kati ya mfupa na bamba.

Maswali

1. Umbali kutoka chupa ya eksirei mpaka bamba ni sentimeta 100, na pingili iko sentimeta 20 juu ya bamba. Kiwiliwili kinaonekana katika picha kuwa na milimita 50. Upana wake wa kweli ni milimita ngapi?

2. Mfereji ni 22 kwa 15, na kiwiliwili ni 46 kwa 33. Tafuta kiwiliwili ni mara ngapi ya mfereji. Je, kwa kipimo cha Jones na Thomson, mfereji huu ni mwembamba?

3. Kwa nini picha za vijana wa miaka 15 haziwekwi pamoja na picha za watu wazima?

4. Pimeni shibiri za wanafunzi wote wa darasa kwa milimita. Tafuteni wastani, kisha semeni ni wanafunzi wangapi walio sawasawa na wastani huo.